Kambale Saba

Daftari la Mama Kavugho lina Kambale saba.
Mmoja wa chukudu, mmoja kinyozi,
mmoja ameandikwa "Kambale Mrefu",
na mwingine "Kambale", basi,
na deni la magunia matatu.
Kurasa zimekolea weusi wa makala
hata tarakimu unazisoma kwa kidole.

Mimi ndiye niliyeambiwa niwahamishie kwenye mashine.
Usiku wa kwanza nikafanya kosa la kila anayeanza:
jedwali moja, refu kama barabara ya Sake,
jina, mtaa, simu, gunia, bei, baki,
na kila Kambale aliponunua
jina likarudi, mtaa ukarudi, simu ikarudi.
Alipobadilisha laini nilimrekebisha mahali pamoja;
mahali kumi na tatu akabaki mtu wa zamani.

Ombeni, fundi simu wa Majengo,
alilipasua jedwali langu kama kuni:
hapa watu, hapa mikopo, hapa malipo.
"Na mtu utamtambua kwa nini?"
Kwa jina, nikasema.
Akanitazama tu.

Kwetu Wanande, Kambale ni foleni:
mtoto wa kiume wa pili.
Mbele yake Paluku, nyuma yake Kasereka.
Wazee walijua kuhesabu,
ila kila nyumba ilianza na moja yake.
Zikusanye nyumba zote za Goma
uone hao wa pili wanavyojaa uwanja.

Simu nayo huibwa.
Basi namba,
namba kavu, isiyojua kabila wala mtaa,
apewayo mtu mara moja,
na akiondoka haipewi mwingine.
Huo ndio ufunguo mkuu.
Kambale Mrefu akawa 41, bila habari.
Alipokuja kununua niliona haya,
kama niliyemchungulia akioga.

Kisha 41 ikavuka mpaka, ikaingia kwenye mikopo,
ikakaa katika safu ya pembeni.
Huko inaitwa ufunguo mgeni.
Sikuhitaji kuelezwa.
Sebuleni kwetu wanalala watu tisa wa Rutshuru;
waulize kwao ni wapi,
kila mmoja atakutajia kilima,
hakuna atakayetaja sebule yetu.
Mgeni anaweza kutokea kwenye mistari mia,
kwao kunabaki pamoja.

Juzi Mama Kavugho akasema, bila kuniangalia:
"Yule wa chukudu, mfute.
Alipita njia ya Kibumba."
Nikabonyeza.
Mashine ikakataa.
Kuna mistari inayomtegemea, ikasema:
mikopo sita, malipo manne.

Nikampigia Ombeni.
"Unaweza kuiamuru ifute vyote, yeye na vyake.
Au uviache vyake, na pale penye namba pawe tupu.
Ni wewe tu."
Kama vile anasema chumvi au sukari.

Sikufanya lolote kati ya hayo.
Niliongeza safu moja kwenye jedwali la watu: *yupo?*
Nikaandika *hapana*.
Nikaifuta. Nikaiandika tena.

Leo asubuhi mtu akaegemeza chukudu mlangoni,
ile ile, yenye raba mpya gurudumu la nyuma.
"Nimekuja kwa deni la kaka yangu."
Jina?
"Kasereka."
Bila shaka. Angeitwa nani mwingine?

Nikampa 112.
Akahesabu franka juu ya meza, noti zimelowa jasho,
magunia mawili na nusu, kamili.
Nikafungua malipo ili nimwandike
nikakuta nilikuwa nimepanga dunia
ambamo kila mtu hulipa la kwake:
hapakuwa na safu ya anayelipia mwingine.

Nikamwambia asubiri kidogo,
kuna kitu nilisahau kukijenga.
Akakaa juu ya gunia,
akanyoosha miguu.